Chujio la Trekta

Kizimbani, katika kisiwa cha Unguja, ni mahali pajulikanapo tangu zamani kwa kilimo. Mikarafuu ilipandwa huko mapema katika karne ya 19, na hata leo vijana hufundishwa huko kazi za shamba. Mkulima wa siku hizi hutumia trekta. Naye hana budi kujua jinsi mafuta yake yanavyolindwa na uchafu.

Nyuma ya injini ya trekta liko sanduku la gia, yaani magurudumu ya chuma yenye meno, yapelekayo nguvu za injini mpaka kwenye matairi. Gia hizo huzunguka ndani ya mafuta ili zisilane. Tena katika trekta nyingi mafuta hayo hayo huvutwa na pampu na kusukumwa ndani ya silinda, na plau ikainuka. Kuinua vitu kwa nguvu za mafuta namna hii huitwa haidroliki. Ndivyo ilivyofanya kazi trekta ya Ferguson TE20, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1946.

Sasa angalia hatari yake. Meno ya gia yasuguanapo hutoa chembe za chuma, na vumbi nalo huingia kifuniko kifunguliwapo. Chembe hizo zikifika kwenye pampu hukwaruza chuma chake. Mafuta huvuja ndani kwa ndani, na plau hushindwa kuinuka. Wala usidhani ni chembe kubwa. Gawanya milimita moja kwa mafungu 1000. Kila fungu huitwa mikroni. Unene wa unywele ni kama mikroni 70, na jicho haliwezi kuona kitu kilicho chini ya mikroni 40 hivi. Lakini nafasi zilizo ndani ya pampu huwa za mikroni chache tu!

Basi, mlinzi wa pampu ni chujio. Mama achujapo tui kwa kifumbu, tui hupita na machicha hubaki. Chujio la trekta hufanya vivyo hivyo. Wavu wa waya huzuia vipande vikubwa; karatasi maalumu iliyokunjwakunjwa huzuia hata chembe za mikroni 10.

Kifumbu kikijaa machicha, tui halipiti. Je, chujio likijaa itakuwaje? Ili pampu na gia zisikose mafuta, machujio mengi yamewekewa mlango mdogo kando. Chujio likiziba, mlango hufunguka, na mafuta hupita bila kuchujwa. Trekta huendelea kulima, na dereva hudhani yote ni salama, kumbe uchafu wapita. Kwa hiyo chujio hubadilishwa kwa hesabu ya saa za kazi, kama kitabu cha trekta kinavyoagiza. Halingojwi mpaka trekta iharibike.

Tena chujio la kawaida halizuii maji. Trekta ilimayo mabonde ya mpunga, kama Cheju, hupita katika maji na matope. Mafuta yakigeuka meupe kama tui, jua kwamba maji yameingia. Yamwagwe, itafutwe njia yalimoingilia, kisha yatiwe mapya.

Kabla ya kufungua kifuniko, futa vumbi pande zote, na mafuta mapya yatiwe kwa chombo safi. Mvua za masika hazimngoji mtu. Trekta ikifa wakati wa kulima, mabonde ya watu wengi hubaki na majani, kwa sababu ya chembe ambayo hakuna aliyeiona.