Bahari Kuingia Tindikali na Ukali wa Radi



Leo tunazungumza nanyi mnaoishi pwani, hasa wakulima wa mwani, na wale ambao wakimaliza palizi hushuka baharini kuvua. Jambo lenyewe ni radi.

Tuanze na mnalolijua shambani. Ukitia mbolea ya salfeti ya amonia katika shamba lile lile mwaka hadi mwaka, udongo huingia tindikali. Bwana shamba akija hukwambia unyunyize chokaa. Basi bahari nayo inatiwa kitu mwaka hadi mwaka. Moshi wa viwanda, magari na misitu inayochomwa una hewa ya ukaa. Karibu robo ya hewa hiyo huishia baharini, nayo ikichanganyika na maji huwa tindikali. Tangu viwanda vilipoenea duniani, kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka kama 8.2 hadi kama 8.1. Msiione tofauti hiyo kuwa ndogo: ni sawa na tindikali kuongezeka kwa karibu 30 katika kila 100. Na bahari haina wa kuinyunyizia chokaa.

Je, hayo na radi yanahusianaje? Mwaka 2020 wataalamu wa Israeli walichukua maji ya Bahari ya Mediterania, wakayatia chomboni, wakapiga cheche za umeme juu yake, mfano wa radi ndogo. Tindikali ilipozidi, cheche nayo ilizidi kung'aa. Wakapiga hesabu: hewa ya ukaa ikizidi kuongezeka kwa kiwango kibaya kabisa kinachokadiriwa, kufikia mwisho wa karne hii mng'ao wa radi baharini huenda ukaongezeka kwa kiasi cha 30 katika kila 100. Hayo ni majaribio ya maabara. Maana yake si kwamba radi zitakuwa nyingi, bali zitakazopiga zaweza kuwa kali zaidi.

Lakini radi ya leo inatosha kuua. Mkulima wa mwani wakati wa bamvua yuko pabaya: amesimama mahali peupe, miguu majini, naye ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu. Kwa hiyo shikeni haya:

1. Ukisikia ngurumo tu, acha kamba na vigingi, toka majini.

2. Usijikinge chini ya mnazi wala mwembe. Banda la makuti pia si kinga. Ingia nyumba imara, au gari lililofungwa madirisha.

3. Mlio ngalawani, rudini pwani mapema, wingu jeusi linapoanza kupanda.

4. Ngojeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo mrudi kazini.

5. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Msiogope kumgusa; msaidieni na mumkimbize hospitali.

Mwani usiovunwa leo utavunwa kesho, maji yakikupwa tena.