Ulitoka pwani juzi? Usidhani homa hiyo ni baridi ya Nyeri

Shule zinapofungwa, familia nyingi za Nyeri, Karatina na Nanyuki hufunga virago na kushuka pwani. Tangu treni ya kisasa ianze kubeba abiria kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka wa 2017, safari imekuwa nyepesi. Wengi hawalali hotelini; huwa wageni wa rafiki au jamaa huko Kisauni, Bamburi au Likoni. Siku ikifika, watoto hupelekwa Haller Park kutazama viboko na kobe wakubwa, penye miti iliyoanza kupandwa mwaka wa 1971 katika machimbo ya kiwanda cha saruji. Alasiri hupanda mashua kwenda kuangalia samaki na matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Mombasa.

Mzazi huwa macho mtoto asikaribie mamba wala asizame majini, na hufanya vyema. Anachosahau ni mbu atakayemwuma mtoto huyo usiku.

Msomaji, kumbuka kwamba mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu ya baridi, vimelea vya malaria hukua kwa shida ndani ya mbu. Ndiyo maana malaria ni nadra kwetu, na ndiyo maana miili yetu haina kinga dhidi yake. Mwenyeji wako akikuambia, "Hapa tumezoea," anasema kweli kwa upande wake, kwani ameumwa na mbu hao tangu utotoni. Hata wewe uliyezaliwa Mombasa, ukikaa bara miaka mingi kinga hiyo hupungua.

KABLA YA SAFARI

Mwone daktari mapema akueleze kuhusu dawa za kuzuia malaria. Kuna zinazoanza kumezwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea kwa siku 7 baada ya kurudi. Nyingine huendelea kwa majuma 4. Usiziache eti kwa sababu umeshafika nyumbani. Mama mjamzito amwone daktari kwanza, kwani malaria huweza kuharibu mimba.

Beba vyandarua vilivyotiwa dawa. Wageni wakija, watoto hutandikiwa godoro sebuleni, na vyandarua vya nyumba hiyo vina wenyewe. Kubeba chako si kumdharau mwenyeji. Jioni wavishe watoto nguo za mikono mirefu na uwapake mafuta ya kufukuza mbu. Mchana, wape maji mara kwa mara na kofia za kuwakinga na jua.

BAADA YA KURUDI

Hapa ndipo wengi huponzwa. Dalili huanza kwa kawaida kati ya siku 7 na mwezi mmoja baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Wakati huo mmesharudi Nyeri, picha mmeshawaonyesha majirani na safari imesahaulika. Mtoto anashikwa na homa, anatetemeka, anaumwa na kichwa, anatapika na kukataa chakula. Mama anasema ni baridi, anamfunika blanketi na kumpa dawa ya maumivu kutoka dukani.

Usingoje. Malaria inaweza kuwa kali katika muda wa saa 24 tu. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, na neno lako la kwanza liwe, "Tulikuwa pwani." Daktari wa huku asipoambiwa anaweza kufikiria mafua au nimonia. Omba damu ipimwe. Majibu ya kipimo cha haraka hupatikana kwa muda wa nusu saa hivi. Kama hakuna malaria lakini homa inaendelea, rudi apimwe tena. Akipewa dawa za kumeza za siku 3, azimalize hata akipata nafuu siku ya pili.

Mtoto akipatwa na degedege, akilegea asiweze kuamka, au akipumua kwa shida, mkimbize hospitalini hata kama ni usiku wa manane.

Mkishafika nyumbani, chukua kalenda iliyo ukutani na utie alama tarehe mliyorudi. Hesabu miezi 3. Homa yoyote kabla ya siku hiyo kupita, taja pwani.