Dunia Mbili Ndani ya Kifaa Kimoja

Msomaji mmoja, mkazi wa Satellite kule Riruta, ametuletea swali ambalo kwa sura yake ni dogo, ilhali ndani yake imelala historia ya upimaji wa nusu ya bara hili. Anasema alinunua GPS ya mkononi iliyokwisha kutumika, aina ya eTrex yenye rangi ya manjano, kwa nia ya kuingia katika mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa kwa kufuata namba za latitudo na longitudo. Na kabla ya kwenda nayo msituni alitaka kuijaribu nyumbani, akachukua namba za geti lake kutoka kwenye simu, akaziandika katika kifaa, akakiamuru kimwongoze. Kifaa, pasi na kusita, kilimpitisha vichochoroni, ploti baada ya ploti, hadi mbele ya geti lisilo lake, takriban mita 300 upande wa kusini na kidogo mashariki. Muuzaji, alipoulizwa, alijibu kuwa antena imekufa. Antena ni nzima. Umbali ule na mwelekeo ule, vikitajwa pamoja hapa Kenya, vina sababu moja ambayo haina uhusiano wowote na antena.

Mchezo wenyewe nitauita mchezo wa dafina, kwa kuwa neno hazina tumekwisha kulikabidhi Serikali, na jengo lake tunalijua, liko Harambee Avenue. Najua mwenye kuishika lugha atanikumbusha kwamba dafina ni mali iliyozikwa, na kanuni za mchezo huu zinakataza kuchimba ardhi. Naipokea lawama, na neno nalishikilia. Mchezo ulianza mara tu ulipowezekana. Hadi tarehe 1 Mei 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likiivuruga makusudi ishara ipokewayo na raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Siku hiyo Rais Bill Clinton alitangaza kuwa uvurugaji unakoma, na tarehe 3 Mei mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo katika misitu ya karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akautangazia ulimwengu namba zake.

Mambo ya awali nitayapita mbio, maana hayana utamu. Betri ziwe mpya. Kifaa kilichokaa muda mrefu kiwekwe chini ya anga iliyo wazi kwa robo saa, kipokee upya orodha ya setilaiti zake. Na namba ziandikwe kwa digrii na dakika zenye desimali, ndiyo ada ya mchezo, ambapo sehemu moja ya elfu ya dakika ni takriban mita 1.8 ardhini. Herufi ya kusini isisahauliwe. Atakayeandika namba za Nairobi akaiacha herufi ya kaskazini ilivyokuwa, atatumwa Samburu, mbele ya Maralal, na kifaa hakitamwuliza kama amebeba maji.

Sasa tufike penye utamu. Namba za latitudo na longitudo hazikuchongwa ardhini. Ni hisabu, na hisabu ya namna hii haianzi mpaka mpimaji ajibunie kwanza Dunia ya kupimia, yaani umbo laini la duaradufu, lisilo milima wala mabonde, lililobonyea kidogo penye ncha zake, alifanye badala ya hii Dunia halisi iliyojaa matuta. Umbo likiisha kuchaguliwa, yabaki kuamua lipachikwe vipi juu ya Dunia halisi, na kitovu chake kiangukie wapi. Uamuzi huo ndio uitwao datumu, na ndani ya kifaa cha msomaji wetu zimo datumu nyingi, zimepangwa katika orodha ambayo wanunuzi wengi hawaifungui asilani.

Datumu ya ramani za Kenya, zile za kipimo cha 1:50,000 zilizotolewa na Survey of Kenya, ni Arc 1960. Asili yake ni tao la longitudo ya 30 mashariki, ambalo David Gill, mwanafalaki aliyeshika kazi Rasi ya Tumaini Jema tangu mwaka 1879, alitamani lipimwe kutoka Afrika Kusini hadi Misri, mlima kwa mlima, pembetatu kwa pembetatu. Nalo, baada ya kupita Uganda magharibi kwenye Ruwenzori, halikukamilika ila mwaka 1954, lilipozibwa pengo la mwisho huko Sudan. Hisabu zote hizo zilitegemezwa juu ya nukta moja, Buffelsfontein, karibu na Port Elizabeth, na umbo lililotumika lilikuwa lile la Mwingereza Alexander Ross Clarke, la mwaka 1880.

Fikiri mtu aliyepewa kofia ya vito iliyo kubwa kidogo kuliko kichwa chake, naye anataka imkae barabara penye paji la uso, kwa kuwa ndipo watu wamtazamapo. Ataishusha mbele mpaka ishike paji pasiwe na upenyo hata wa uzi. Nyuma, penye kisogo, patabaki nafasi, na duara ya juu ya kofia haitakuwa tena juu ya utosi. Anayemtazama kwa mbele haoni dosari, na kwa hakika dosari haipo, kwa sababu kofia ilitakiwa ikae vizuri mbele, nayo imekaa. Umbo la Clarke ndilo kofia hiyo. Nusu kipenyo chake penye Ikweta ni mita 6,378,249, ilhali umbo litumiwalo na GPS, liitwalo WGS 84, lina mita 6,378,137. La Clarke limezidi kwa mita 112. Wapimaji wakalishusha juu ya paji la Afrika, likashika vizuri kutoka Rasi hadi kwetu, na nafasi ikabaki upande wa Bahari ya Pasifiki, ambako mpimaji wa Kenya hakuwa na ploti ya kugawa. Lakini utosi ulikwisha kupishana: kitovu cha Dunia ya Arc 1960 kiko takriban mita 340 kutoka kitovu cha Dunia tunayoikanyaga.

Wala tusiwacheke wazee hao. Kitovu cha Dunia hawakuwa na njia ya kukifikia. Walichokuwa nacho ni nyota na timazi, na timazi, tunayoiamini kuwa huelekea chini moja kwa moja, huvutwa kando na uzito wa milima na miamba iliyo jirani. Sekunde moja ya pembe ni takriban mita 31 ardhini, hivyo timazi ikipinda kwa sekunde 10 tu, upotovu ambao hakuna jicho liwezalo kuuona, nchi nzima yaweza kuhama mita 300 katika hisabu. Setilaiti haina habari ya timazi. Ikiwa juu kwa kilomita 20,200, hukizunguka kitovu cha uzito wa Dunia yote, milima na bahari pamoja, wala haina hiari ya kuzunguka kingine. Na kila namba itokayo kwake imeanzia hapo.

Basi kila mahali Kenya pana anwani mbili. Mtu atakayeziandika namba za jengo la KICC alizozitoa katika simu, ambazo ni za WGS 84, ndani ya kifaa kilichowekwa Arc 1960, atajikuta amekwisha kuvuka Harambee Avenue akielekea Haile Selassie Avenue, takriban mita 300 kusini na 90 mashariki. Na atakayefanya kinyume chake, akazitoa namba katika ramani ya zamani na kuzitia katika kifaa cha WGS 84, atapotea kwa kiasi kilekile upande wa kaskazini na magharibi. Hata Ikweta ni mbili, ile ya Arc 1960 ikipita takriban mita 300 kusini ya ile ya GPS, jambo ambalo wapiga picha wa penye vibao vya Ikweta hawana haja ya kulisikia. Kiasi hicho hupungua na kuzidi kidogo kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine, na miti ya Karura na maghorofa ya mjini huongeza mita zao kadhaa, hayo tuyaache.

Jawabu la msomaji wetu, basi, ni kwamba kifaa chake yaelekea kilikuwa mikononi mwa mtu aliyefanya kazi na ramani za Survey of Kenya, akakiweka Arc 1960 kama ilivyompasa, kisha akakiuza bila kukirejesha. Na afungue ukurasa wa mipangilio ya namba, atafute palipoandikwa Map Datum, achague WGS 84. Kisha aangalie jambo moja ambalo huwakosesha wengi: nukta aliyokwisha kuihifadhi haitarudi getini kwake kwa kubadili datumu. Kifaa huhifadhi mahali, hakihifadhi namba alizoziandika; mahali palepale pa makosa patabaki, na namba zake zitajibadili zenyewe kwa takriban 0.16 ya dakika kuelekea kusini. Nukta hiyo aifute, aandike upya namba za simu, na kifaa kitamfikisha mlangoni pake.