Shokapu ya Baiskeli Inataka Mafuta Gani?

Kwenye njia za kokoto zinazoteremka kutoka vilima vya Kalinzi kuelekea Mwandiga, mkoani Kigoma, mikono ya mwendesha baiskeli ndiyo hutangulia kujua kwamba foku ya mbele imechoka. Foku inagonga kila shimo, inarudi juu kwa kishindo, au imekauka na haibonyei kabisa. Kwa fundi, awe wa Mwanga au wa Ujiji, jibu la kwanza huwa jepesi: shokapu imekwisha mafuta, iongezwe. Kazi inaanza pale anapoulizwa ni mafuta gani. Gereji moja inaweza kuwa na oili ya injini, ya giaboksi, ya breki na oili chafu, na zote zinateleza.

Kuteleza peke yake hakutoshi. Ndani ya foku inayotumia mafuta kuna pistoni yenye vitundu vidogo. Gurudumu likipanda jiwe, springi au hewa iliyojazwa hubeba uzito, na mafuta hulazimika kupenya kwenye vitundu hivyo. Hapo nguvu ya mshtuko hugeuka joto. Mafuta yakiwa mepesi mno hupita mbio, foku ikarukaruka. Yakiwa mazito mno hupita kwa taabu, foku ikachelewa kurudi, na shimo la pili likaikuta bado imedidimia.

Ufundi huu ulitoka kwenye pikipiki. Paul Turner, Mmarekani aliyewahi kuwa fundi wa pikipiki za mashindano, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya RockShox mwaka 1989. Mwaka uliofuata Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka mlima katika mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani huko Durango, Marekani, akitumia foku ya kampuni hiyo. Kwa hiyo fundi wa bodaboda aliyezoea kufungua shokapu za mbele za pikipiki anaijua nusu ya kazi hii tayari.

Kabla ya kutoa hela, mwenye baiskeli ajue kwanza kama foku yake ina mafuta. Baiskeli nyingi za gia za bei nafuu zina springi na kipande cha mpira tu, na kinacholainisha ni grisi. Kumimina oili humo ni hasara: huisafisha grisi, kisha huvuja ikishuka kwenye miguu ya foku. Dalili haifichiki sana. Foku ya mafuta yenye marekebisho huwa na kidude cha kuzungusha chini ya mguu mmoja, mara nyingi chekundu, cha kupunguza au kuongeza kasi ya kurudi. Ya springi tupu haina kidude hicho. Ukiibonyeza na kuiachia inaruka juu mara moja. Hiyo inahitaji kufunguliwa, kufutwa vumbi na kupakwa grisi isiyoondoka kwa maji. Hakuna sevisi iliyo rahisi kuliko hiyo.

Kwa foku yenye mafuta, chupa zilizotengenezwa maalumu huandikwa 2.5W, 5W, 7.5W au 10W. Tatizo ni kwamba namba hizo hazina kipimo kimoja kwa kampuni zote, na 10W ya kampuni moja inaweza kukaribia 7.5W ya nyingine. Kipimo cha kuaminika ni mnato unaopimwa kwa sentistoki, ambao kwenye karatasi za mafuta huandikwa cSt, joto likiwa nyuzi 40. Maji ya nyuzi 20 yana sentistoki kama 1. Mafuta ya hidroliki, yale ya trekta, winchi na mitambo ya barabara, yamerahisishiwa mnunuzi: namba ya VG iliyoandikwa kwenye ndoo ndiyo sentistoki zenyewe. VG 15 inakaribia 5W ya foku, VG 22 inakaribia 7.5W, na VG 32 inakaribia 10W.

Hapo ndipo unafuu ulipo. Mafuta ya giaboksi za otomatiki, ATF ya aina ya Dexron III, yana sentistoki zipatazo 35, na hupatikana kwa urahisi kwenye maduka ya spea za magari. Baadhi ya pikipiki za zamani za Honda ziliagiziwa ATF katika vitabu vyake kwa ajili ya shokapu za mbele. Kwa foku inayotaka 10W, ATF au hidroliki VG 32 inatosha. Kwa inayotaka 5W, ATF ni nzito. Atafutwe muuzaji wa VG 15, au inunuliwe chupa halisi hata kama italazimu kuagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.

Oili ya injini ya 20W-50, ambayo mafundi wengi huikimbilia, huvuka sentistoki 140 katika nyuzi hizo hizo, yaani mara nne ya ATF. Foku itakaza, na mwenye baiskeli atadhani imepona kwa kuwa haigongi tena. Oili chafu ni mbaya zaidi: imebeba masizi, asidi na chembe za chuma zinazokwangua pistoni na sili. Mafuta ya breki yasiguse foku kabisa, kwani huvimbisha na kulainisha mipira isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Je, mawese? Kigoma ni mkoa wa michikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kipo mkoani humo kwa ajili ya zao hilo, kwa hiyo swali si la mzaha. Kwenye nyuzi 40 mnato wa mawese uko karibu na sentistoki 40, si mbali na mafuta ya foku. Lakini asubuhi ya nyuzi 20 kando ya Ziwa Tanganyika huganda nusu, na yakikaa na hewa huchacha, huwa na asidi na kunata. Yabaki jikoni.

Kiasi nacho kina kanuni zake. Sehemu ya chini ya foku nyingi za baiskeli huhitaji mililita chache tu za kulainisha, mara nyingi kati ya 5 na 30 kila mguu. Chumba chenye pistoni ndicho kinachokula mafuta zaidi. Bomba la sindano la duka la dawa linapima vizuri kuliko kukisia kwa jicho. Mafuta ya zamani yachunguzwe yanapotoka: yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia; yakiwa ya kijivu yenye kumetameta, chuma kinalika. Mchanga wa Katonga na Kibirizi ukishapita kwenye sili iliyopasuka, mafuta mapya yatachafuka upesi, kwa hiyo fedha iliyookolewa kwenye mafuta inunue sili.

Lita moja ya ATF inatosha foku kadhaa, na waendesha baiskeli watatu wakichangiana, gharama ya kila mmoja inakuwa ndogo. Mafuta yaliyotolewa yarudishwe kwenye dumu la gereji. Yasimwagwe kwenye mtaro, kwa sababu mitaro ya mji huishia Ziwa Tanganyika. Na kabla ya kufunga kazi, fundi aandike kwenye mguu wa foku, kwa kalamu isiyofutika, tarehe, aina ya mafuta na mililita alizoweka, ili atakayeifungua safari ijayo asianze kubahatisha.