Ganzi ya Mikono na Miguu: Mfanyakazi Afahamu Nini



Katika mikutano ya matawi lalamiko moja hurudi kila mara. Mkata miti wa msumeno wa injini anasema asubuhi vidole havisikii kitu. Mama anayebandika soli za viatu anasema anatembea kama amevaa soksi nene. Mpakia magunia anasema mguu mmoja umekufa ganzi. Msimamizi hujibu kwamba huo ni uvivu, na nyumbani wengine husema amerogwa. Ni lazima tuelewe jambo hili, maana kuchelewa ndiko kunakotuumiza.

Mwili una mishipa ya fahamu, mbali na ile ya damu. Inafanya kazi kama nyaya za simu. Hupeleka habari za joto, maumivu na mguso kutoka kwenye ngozi hadi mshipa mkuu ulio ndani ya mifupa ya mgongo, na kutoka hapo hadi kwenye ubongo. Waya ukiumia, habari haifiki. Mtu huungua bila kujua, au hutembea na msumari ndani ya kiatu mpaka kidonda kinaoza.

Kazini tunaumizwa hasa na mambo matatu.

Kwanza ni mtetemo wa mashine. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Alice Hamilton, aliwachunguza wakata mawe wa Bedford, jimbo la Indiana, waliotumia nyundo za hewa. Aliona vidole vyao vikigeuka vyeupe na kufa ganzi, hasa wakati wa baridi. Misumeno ya injini na mashine za kutoboa mawe huleta madhara hayo hayo.

Pili ni kemikali. Gundi nyingine za viatu zina heksani. Katika miaka ya 1960 watengenezaji wa sandali huko Japani walidhurika kwa mvuke wake. Ganzi huanzia vidole vya miguu yote miwili, hupanda taratibu, kisha hushika mikono na nguvu hupungua.

Tatu ni mizigo. Ukiinua gunia huku umejipinda, kisahani kilicho kati ya mifupa ya mgongo huweza kutoka na kubana mshipa. Maumivu na ganzi hushuka mguu mmoja. Lakini ganzi ikishika makalio na sehemu za siri, mkojo ukizuia au ukijitokea, au miguu yote miwili ikilegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mwenzenu akianguka kutoka juu naye haisikii miguu, msimkamate mikono na miguu kumnyanyua. Abebwe juu ya ubao, kichwa, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja.

Si kila ganzi inatokana na kazi. Ugonjwa wa sukari huileta, na ukoma pia, ambao dawa zake hutolewa bure. Kwa hiyo daktari apime, naye aambiwe kazi unayofanya.

Kwa nini tunasema mapema? Mshipa wa mkono au mguu uliokatika huweza kuota tena, lakini kwa kiasi cha milimita moja tu kwa siku. Mshipa mkuu wa mgongoni ukikatika hauoti tena.

Kila tawi lidai haya: zamu fupi kwenye mashine zinazotetema, na mashine hizo zitengenezwe kwa wakati, madirisha na feni penye gundi, mikokoteni ya kubebea magunia. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inataja madhara ya heksani na ya mtetemo. Mwajiri asiseme kwamba ni mambo ya kubuni.

Katibu wa tawi aandike daftarini jina la mgonjwa, tarehe ganzi ilipoanza, mashine au gundi aliyotumia, na mashahidi. Nakala ya cheti cha daktari ihifadhiwe. Bila maandishi hayo, siku ya kudai fidia mfanyakazi husimama na maneno matupu.

Umoja ni nguvu.