Mafua Nyumbani: Dawa Ifaayo na Isiyofaa

Usiku wa Juni na Julai, baridi ikishuka juu ya milima ya Burundi, kikohozi cha mtoto husikika katika nyumba nyingi. Hapo mama hukumbuka vidonge vya rangi mbili vilivyosalia tangu ugonjwa wa mwaka uliopita, akavifungua kutoka katika pindo la kitambaa. Ni huruma imtumayo; walakini vidonge hivyo havitamfaa mtoto.

Sababu ni hii. Mafua huletwa na virusi, ilhali vidonge hivyo, ambavyo ni antibiotiki, huua bakteria tu. Kuvitumia ovyo huwazoeza bakteria kuishinda dawa, hata siku itakapohitajiwa kwa kweli isifae kitu. Hakuna dawa iondoayo mafua. Mwili wenyewe huyashinda, aghalabu kwa siku 7 hadi 10. Kazi ya dawa ni kumpunguzia mgonjwa taabu.

Parasetamoli hutuliza homa na maumivu. Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, akangoja saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia, wala asizidishe vidonge 8 kwa siku. Dawa nyingi za mafua zilizochanganywa zina parasetamoli ndani yake; azitumiaye pamoja na vidonge hivyo aweza kulidhuru ini lake. Mtoto hupewa kwa kadiri ya uzito wake. Aspirini asipewe, kwani yaweza kumletea ugonjwa wa Reye, unaodhuru ubongo na ini.

Pua iliyoziba hufunguka kwa matone ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko cha asali hutuliza kikohozi, lakini mtoto asiyetimiza mwaka asilambishwe kamwe. Aendelee kunyonya. Sufuria ya kujifukizia iwe mbali na watoto, maana huunguza.

Tena, si kila homa ni mafua. Malaria hujulikana kwa kupimwa damu. Mtoto akiwa ametulia, zihesabiwe pumzi zake dakika nzima. Zikifika 50 kwa mwenye miezi 2 hadi 12, au 40 kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, apelekwe zahanati mara moja: huenda ni nimonia. Mchanga wa chini ya miezi 2 apelekwe kwa homa yoyote.

Huko ndiko antibiotiki, ikitolewa na mganga kwa kipimo chake, huokoa maisha.