Tepu ya joto kwenye heda za ekzosi: joto haliondoki, linahama

Vijana wetu wanapenda magari, na hilo si kosa. Lakini upo mtindo mmoja ambao mwenye gari wa huku Pwani anafaa kuuelewa vyema kabla hajatoa pesa yake: kuzungushia heda za ekzosi tepu ya kuzuia joto.

Heda ni yale mabomba yanayopokea moshi wa kila silinda na kuukusanya kwenye bomba moja la ekzosi. Tepu yenyewe hufumwa kwa nyuzi za kioo au za mawe ya volkano, kisha huviringishwa kwenye bomba kama bendeji na kubanwa kwa vibanio vya chuma.

Wanaoisifu hawasemi uongo mtupu. Joto chini ya boneti hupungua kweli, na moshi ukibaki moto hutoka kwa kasi zaidi. Kwa gari la mashindano hiyo ni faida, kwani gari lile hufunguliwa na kukaguliwa kila mara, na bomba likichoka hutolewa likatiwa jingine. Gari la kupeleka watoto chuoni na kubeba mzigo wa sokoni halina maisha hayo.

Swali ni hili: lile joto lililokuwa likitoka nje, sasa limekwenda wapi? Limebaki kwenye chuma. Moshi wa injini ya petroli inayofanya kazi ngumu waweza kufika nyuzi 700 za Selsiasi na kuzidi. Bomba lililo wazi hupozwa na upepo, lililofungwa hujipika lenyewe. Chuma cha kawaida hubambuka magamba kikawa chembamba. Hata kile kisichoshika kutu kwa urahisi hupoteza sehemu ya kinga yake kikikaa kwenye joto kali muda mrefu, hasa pale palipochomelewa. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa heda hukataa dhamana wakikuta bomba limefungwa tepu.

Sisi watu wa Pwani tuna balaa la ziada, nalo ni chumvi. Tepu ni kitambaa, na kitambaa hunywa maji. Ukipita kwenye dimbwi wakati wa masika, au ukioshesha injini, maji huingia na kukaa. Injini ikipata moto maji hukauka, lakini chumvi hubaki pale pale. Gari likiegeshwa siku chache karibu na bahari, unyevu hurudi na kutu huendelea kula chini kwa chini, wewe huoni kitu.

Tatu, kuna moto. Gari nyingi za umri mkubwa huvuja oili kwenye gasketi ya kava ya tapeti. Oili ikidondokea bomba tupu hutoa moshi na harufu, ukajua kuna jambo. Ikidondokea tepu, hunyonywa kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Oili ya injini hutoa mvuke unaoweza kushika moto ikifika nyuzi 200 na kitu, na bomba lile lina joto kupita hapo mbali.

La nne ndilo linalonitia hofu zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa usiouona utauziba vipi? Chini ya tepu bomba laweza kupasuka na moshi ukaanza kuvuja. Moshi huo una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Ikipata njia ya kuingia ndani, waliofunga vioo ndio wa kwanza kudhurika.

Basi tufanyeje? Kama gari lako linachemka, tepu si dawa yake. Kagua rejeta, feni, thamostati na maji ya kupoza injini. Kama ni joto la ekzosi linalokusumbua, muulize fundi lile bati la kinga lililokuja na gari liko wapi. Mara nyingi hutolewa kwa sababu boliti zimeshika kutu au linapiga kelele, halirudishwi tena. Bati lile huzuia joto lisifikie nyaya na mipira, huku likiacha nafasi ya hewa kupita kati yake na bomba. Mwenye uwezo aweza pia kupaka heda rangi maalumu ya kauri, ambayo hainywi maji wala oili.

Na ikiwa gari lako limeshafungwa tepu, subiri injini ipoe kabisa, vaa glavu na barakoa kwa sababu nyuzi zake huwasha, kisha uifungue ulitazame bomba. Ukiona oili, magamba ya kutu au alama nyeusi za moshi, usiirudishe. Mpe fundi azibe ufa kwanza.